Glasi zinatoka na ukungu mweupe kwenye mashine ya kuoshea vyombo

MamaPacha:
Wakuu, habari za jioni. Naomba msaada kabla sijaiuza hii mashine kwa bei ya kutupa. Mume wangu aliniletea mwaka jana nilipojifungua mapacha, na miezi ya mwanzo ilinipumzisha kweli. Sasa glasi zinatoka na ukungu kama zimesuuzwa kwa maji ya mchele. Sahani zinabaki na machicha ya nazi. Sufuria zangu za alumini zimekuwa nyeusi, na asubuhi nikifungua mlango nakutana na harufu ya dagaa hata kama jana tulikula maharage. Tunakaa Wazo, Dar es Salaam, maji ni ya kisima. Natumia vile vidonge vya sabuni ya mashine vya dukani. Jirani alinishauri niweke chumvi, nikamwaga kikombe kizima cha chumvi ya jikoni mle chini, hakuna kilichobadilika. Mama mkwe anakuja mwisho wa mwezi, natamani akute vyombo safi.

Kaka_Mbagala:
Pole dada. Harufu hiyo ni chujio, lipo chini kabisa katikati. Litoe leo hii.

FundiBomba:
Hongera kwa mapacha, dada. Nimezifungua nyingi za namna hiyo, na karibu kila mara mwenye nyumba analaumu mashine wakati tatizo ni maji. Hapo Wazo ni jiwe la chokaa, ndilo linalochimbwa kutengenezea saruji. Maji ya kisima yamepita humo. Tazama birika lako la umeme: kama lina magamba meupe, mashine nayo inayo.

Chumvi ya jikoni usirudie. Ina madini joto na dawa ya kuzuia isigandane, na ikilala sakafuni inatia kutu hata bati lisilo rahisi kushika kutu. Izungushe mashine tupu ioshwe. Chini ya kikapu cha chini kuna mfuniko wa kuzungusha. Hilo ndilo tangi la chumvi, na inayoingia humo ni ya punje kubwa iliyotengenezwa kwa mashine hizi. Chumvi hiyo haioshi chombo. Ndani kuna resini, yaani punje ndogo za plastiki zinazonasa chokaa ya maji. Ikishiba, chumvi ndiyo inaisafisha ianze upya. Mara ya kwanza jaza tangi maji, kisha mimina chumvi, halafu washa mara moja ili iliyomwagika ioshwe.

Kabla ya kununua chochote, chukua glasi moja, itumbukize nusu kwenye siki nyeupe dakika tano, usugue. Nusu hiyo iking'aa, ni chokaa, inatoka. Ikibaki vilevile, kioo kimechubuka na hakirudi. Ukungu ukiondoka kwa maji matamu tu bila siki, basi maji yako yana chumvi yenyewe, na hiyo resini haiiondoi. Mteja wangu mmoja wa Kigamboni alikuwa na maji ya namna hiyo, tukamfungia kitangi kidogo cha maji ya bomba ya DAWASA kwa ajili ya mashine peke yake.

Chujio lizungushe kinyume cha saa, litoke, ulisugue kwa mswaki wa zamani na sabuni. Usipeleke mkono kwenye shimo lililobaki bila kumulika na tochi. Mimi nimetoa humo kigae cha glasi kilichokuwa kimekaa pembeni mwa pampu, kikali kama wembe. Kisha chomoa ile mikono inayorusha maji na uitikise sikioni. Ikilia kama kayamba, kuna punje za wali ndani. Vitundu vizibue kwa kijiti cha meno. Futa na mpira wa mlango, hasa ukingo wa chini ambako maji ya kuzungusha hayafiki.

Mwisho weka vijiko vinne vya chakula vya unga wa asidi ya sitriki, mashine tupu, programu ya moto kuliko zote. Tafadhali usichanganye na dawa ya klorini ya kufulia, inatoa hewa ya sumu, na una watoto wachanga ndani.

Alumini osha kwa mkono. Sabuni ya mashine inaila. Zilizokwisha kuwa nyeusi zichemshie maji na limao.

Mwanahamisi_Stuttgart:
Kuongezea: hapa Ujerumani ugumu wa maji, yaani wingi wa chokaa ndani yake, unapimwa kwa nyuzi zinazoandikwa dH, kuanzia 14 kwenda juu yanaitwa magumu. Vidonge vingi vya "yote ndani" vinaandikwa vinatosha hadi 21 bila kuongeza chumvi. Kuna vijikaratasi vya kupimia. Ukishajua namba, irekebishe kwenye mashine, kijitabu chake kinaonyesha namna. Ukiiacha ilivyotoka kiwandani, chumvi peke yake haitakutosha.

MamaPacha:
Nimerudi, wakuu. Nusu ya glasi iling'aa, nusu ikabaki na ukungu, nikamwita mume wangu aje aone. Mkono wa juu ulilia kweli. Nimetoa punje kumi na moja za wali na ganda la iliki. Harufu imekwisha tangu juzi. Glasi mbili za harusi yetu hazikukubali siki, nimezirudisha kabatini. Fundi, hiyo chumvi ya punje kubwa inauzwa kilo ngapi?

FundiBomba:
Boksi la kilo moja au mbili, supamaketi kubwa, rafu ya sabuni. Anza na boksi moja, matangi mengi huchukua kama kilo moja hadi mbili.