Chevrolet C10 ya 1978, nataka kugeuza injini ya 350 iwe 383

c10_ya_houston
Wakuu habari zenu. Nina pikapu Chevrolet C10 ya 1978, injini ni V8 ya 350 (ujazo kwa inchi za ujazo), ilikuwa inakula oili na kutoa moshi wa bluu kila asubuhi, nimefungua nikakuta silinda zimekwaruzika lazima zipanuliwe. Nikawaza kama pistoni mpya nanunua anyway basi niongeze na stroku (umbali pistoni inaopanda na kushuka) kabisa iwe 383. Jamaa ananiuzia kranki ya injini ya Chevy 400 bei poa anasema inaingia tu. Pikapu inavuta trela ya mashine za kukatia majani, ndo kazi yangu, sitaki mbio nataka mvuto wa chini. Nani ameshafanya?

spana_13
Mkuu haiingii tu hiyo. Mein za kranki ya 400 (shingo zinazokaa kwenye bloku) ni inchi 2.65, bloku yako ni 2.45, lazima ikakerezwe kwanza. Zamani watu walifanya hivyo sana ila siku hizi zipo kranki mpya za 383 kabisa, stroku 3.75 na mein 2.45, ukipiga hela ya kukereza na kupima nyufa unakuta bei ni ileile. Silinda panua kutoka 4.00 hadi 4.03, hapo unatoka lita 5.7 unafika kama 6.3. Na pistoni za 350 usiweke, zitatokeza juu ya bloku, nunua za 383 zinazoendana na urefu wa konrodi zako.

binti_gereji
Kaka mimi yangu niliijenga nyumbani, na kilichonila siku nyingi ni nafasi. Boliti za konrodi zinakaribia bloku pale chini sampu (bakuli la oili) inapofungwa, na juu zinakaribia kamshafti. Funga kranki, kamshafti na cheni yake, weka pistoni bila ringi, zungusha kwa mkono taratibu, mizunguko miwili kamili maana kamshafti inazunguka mara moja kranki ikizunguka mbili. Yangu silinda ya pili ilisema "tik" ikagoma, nikamulika tochi nikaona kialama kinang'aa kama punje ya mchele. Nikagusa na grenda kidogo, nikarudia mpaka waya wa milimita 1.5 ukapita bila kugusa. Nakuomba sana hiyo kazi ifanye kabla bloku haijaoshwa, chenga za chuma zikiingia njia za oili beringi zote kwisha!

c10_ya_houston
Asante sana dada. Puli ya mbele si natumia hii hii ya 350?

spana_13
Usifanye hivyo kabla hujajua kranki imebalansiwa vipi. Kranki ya 400 inategemea uzito ulioko kwenye puli na flaiwili zake, mpya nyingine zimebalansiwa ndani zenyewe. Mimi niliuziwa seti wakachanganya, nikafunga, injini ikawaka inatetemeka mpaka usukani unacheza, nikashusha yote upya. Uliza kabla hujalipa.

Halafu silinda hedi, ukiacha za chemba ya kuwakia 76 cc na pistoni bapa mgandamizo unakaa kwenye 9 na kitu kwa 1, petroli ya kawaida inatosha. Za 64 cc zinapita 10, na trela nyuma kwenye mlima injini itagonga, yaani petroli inalipuka vibaya ndani ya silinda.

c10_ya_houston
Hedi zangu ni za 76, zinabaki. Kranki ya jamaa nimeikataa, Jumamosi napeleka bloku ikapanuliwe, nikianza kuzungusha narudi hapa na picha.