Kaseti ya njano "400 in 1" kutoka Owino: ni ya mashine gani?

Mgeni_wa_Owino

Wakuu, naomba msaada kuitambua kaseti ya gemu iliyonunuliwa soko la Owino, Kampala, kwenye rundo la rimoti na chaja kuukuu. Haina jina la kampuni. Plastiki ni ya njano, na lebo ina picha ya askari wawili pamoja na Sonic, chini yake maandishi ya Kichina na "400 in 1". Meno yako 60, 30 kila upande. Ndani kuna matone mawili meusi ya gundi, chipu moja ya miguu 20 ambayo namba yake inaanza na 74, na vidoa vitatu vya kuchomea risasi: kimoja kimeunganishwa, viwili viko wazi. Betri hakuna.

Kwenye mashine aina ya Terminator menyu inatokea, lakini herufi nyingine zimevurugika. Muziki uko sawa. Baada ya dakika kadhaa kila kitu kinaganda. Ni ya mashine gani, kweli ina gemu 400, na inatengenezeka?

Meno60

Ssebo, hayo meno 60 yanamaliza nusu ya swali. Ni kaseti ya Famicom, mashine ya Nintendo iliyotoka Japani mwaka 1983, na inaingia pia kwenye nakala zake za China na Taiwan, Terminator ikiwemo. NES, yaani toleo la Famicom la Marekani na Ulaya, ina meno 72, Mega Drive ya Sega 64, Game Boy 32. Ya kuwa nayo macho ni Mega Drive, kwa sababu nafasi kati ya jino na jino ni ile ile, mm 2.54. Hesabu, usikadirie. Kaseti ikilazimishwa kwenye tundu lisilo lake, volti 5 zinaweza kuangukia waya wa data.

Lebo isikusumbue, mchapaji huweka chochote kinachouza. Sonic ni wa Sega na hakuwahi kuwa na gemu rasmi kwenye Famicom. Za magendo zipo, maarufu ikiwa Somari ya 1994 inayomtia Mario kwenye viwanja vya Sonic, ila ile inahitaji chipu ya maana kuliko hiyo uliyoitaja.

Bodi_na_Risasi

Bodi yako inasema ukweli kuliko lebo. Kwa mpangilio huo, tone moja limefunika ROM (kumbukumbu ya kusomwa tu) ya programu (PRG) na la pili ROM ya picha (CHR). Ile chipu ya miguu 20 ni lachi: ukichagua gemu kwenye menyu, inashika namba ya sehemu ya kumbukumbu na kubaki hapo mpaka ubonyeze reset au uzime. Bodi ya namna hii hubeba gemu nyepesi tu, PRG isiyozidi KB 32 na CHR KB 8. Tegemea Galaxian, Battle City, Road Fighter, Circus Charlie, Ice Climber na wenzao wa katikati ya miaka ya 1980, mara nyingi jina la kampuni likiwa limefutwa.

Hao askari ni wa gemu ya Contra bila shaka. Contra ya NES ina PRG ya KB 128 na inataka RAM ya picha ya KB 8, ambayo kwa kawaida ni chipu ya miguu 28, mfano 6264. Wewe huna. Lingekuwepo tone la tatu ningesita, maana mara nyingi linaficha nakala ya MMC3, chipu inayoendesha gemu kama Super Mario Bros. 3.

Hiyo 400 ni uongo mtupu. Gemu 400 za KB 40 kila moja zingedai KB 16,000, na ROM ya ukubwa huo si ya kutegemea kwenye kaseti ya bei ya chini kama hii. Shuka kwenye menyu ukianzisha moja moja mpaka ya kwanza ijirudie. Kuanzia hapo ni zile zile, zikianzia raundi ya mbele au zikiwa na maisha zaidi.

Vidoa vitatu usiviguse kwa sasa. Mara nyingi ndivyo vinavyochagua menyu: ROM moja, kiwanda kinahamisha risasi na kuiuza kwa idadi tofauti.

MitaKwanza

Picha kuvurugika huku muziki ukiwa mzima kunaelekeza upande wa CHR. Nusu moja ya meno inakwenda kwa prosesa, nusu nyingine kwa chipu ya picha. Kasoro ingekuwa upande wa prosesa, pengine menyu usingeiona kabisa, ungepata skrini ya rangi moja.

Sugua meno kwa raba nyeupe ya penseli, taratibu, ukifuata urefu wa jino. Kisha pamba yenye alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na uache ikauke. Spiriti za dukani nyingine zina mafuta yanayoacha utando. Msasa hapana, unakwangua dhahabu yote na shaba inaanza kuota kutu.

Kabla ya kuchomeka, weka mita ya umeme, kwenye hali ya mlio, kati ya jino la 30 (+5V) na la 16 (ardhi). Ikilia, kuna shoti, usiwashe. Meno ya 45 na 46 lazima yaunganike, kwa sababu sauti ya Famicom hupita ndani ya kaseti.

Kuganda ni kesi nyingine. Jaribu kaseti tofauti kwanza. Nayo ikiganda, pima adapta gemu ikiwa inacheza. Regyuleta ya 7805, inayoshusha umeme wa adapta kuwa volti 5, inataka kama volti 7 za kuingia, na adapta dhaifu hushuka chini ya hapo. Ukinunua nyingine angalia mchoro wa ncha: Famicom halisi ina hasi katikati, nakala hutofautiana.

Mgeni_wa_Owino

Asanteni sana. Meno yamesafishwa, shoti hakuna. Jino la 30 linasoma V 4.6 na kaseti nyingine nayo inaganda. Herufi zimepungua kuvurugika, ila nikibonyeza tone la kulia zinabadilika.

Bodi_na_Risasi

V 4.6 ni ndogo, inatakiwa 4.75 hadi 5.25. Badilisha adapta, kisha chomea kapasita ya nF 100 (yenye alama 104) kati ya +5V na ardhi kwenye bodi. Kaseti hizi nyingi hazikuwekewa.

Tone la kulia litazame pembeni. Kama liko kwenye kibodi kidogo kilichochomewa juu ya bodi kubwa, rudia risasi ya kila mguu, solda nyuzi 330, sekunde 2 au 3. Kama limemwagwa moja kwa moja kwenye bodi, nyaya zimekatika ndani ya gundi na halina dawa.

Kwa hiyo nakili ROM mapema, ingali inasomeka. Kifaa cha kusomea kaseti cha Kazzo na programu yake anago, au INL Retro, vinatosha. Soma kwanza kama kaseti rahisi, PRG KB 32 na CHR KB 8, utapata menyu. Kisha andika kwenye anwani za kumbukumbu $8000, $8001, $8002 (alama $ ni ya heksadesimali) na kuendelea, ukisoma upya kila mara, kwa kuwa lachi nyingi za aina hii hushika anwani yenyewe na si data. Zisipobadilika, jaribu kubadilisha data. Soma kila sehemu mara mbili. CRC32 (namba za kuhakiki faili) zikitofautiana, ni lile tone. Libane kwa kibanio cha nguo cha plastiki wakati wa kusoma.

Meno60

Na kama bodi ina namba iliyochapwa nyuma, iweke hapa. Tovuti ya wiki ya NESdev, ya wachunguzi wa mashine hizi, imepanga bodi nyingi za magendo kwa namba hizo.