Mrejesho: maua ya harusi ya mwisho wa majira ya joto

Habari zenu wapendwa. Mimi ndiye niliyeng'ang'ania peoni kwa harusi ya mwishoni mwa majira ya joto, mkaniambia hilo ni ua la majira ya kuchipua na mwanzo wa joto, msimu wake utakuwa umeshapita. Nilinuna siku mbili, nikakubali.

Harusi imepita salama, namshukuru Mungu. Dalia ndiyo iliyobeba shughuli. Ile aina kubwa yenye petali tele, ukiitazama kwa mbali unaapa ni peoni. Shangazi mmoja mpaka leo anaamini hivyo na sijamsahihisha. Aliyenishauri nichume zikiwa zimeshafunguka, ubarikiwe. Vitumba vichache nilivyochuma nikitegemea vitachanua kwenye maji viligoma kabisa.

Zinia nilizipima kama mlivyofundisha: shika bua, tikisa. Likilegea na kuyumba, liache. Likisimama imara, kata. Zilidumu kuliko maua yote. Alizeti niliweka mezani tu, kwenye shada zingekuwa nzito.

Kosa langu lilikuwa haidranjia. Nilipanga ziwe kwenye tao, nje, juani, bila maji. Kabla hata ya viapo zilikuwa zimenyong'onyea kama mboga ya jana. Dada yangu alizing'oa, akazitumbukiza zote kwenye ndoo ya maji, vichwa na mabua, na jioni nyingi zilikuwa zimeamka. Tukazipeleka meza ya keki. Tao lilibaki na majani matupu, na kwenye picha limependeza sana.