Diski ya nje ya TB 4 haionekani, boksi halina skrubu: nilifungue?

Mkanda
Wakuu, naomba msaada. Nina diski ya nje ya TB 4, ile kubwa ya inchi 3.5 yenye adapta yake, imejaa video ghafi za wateja ambazo sijazihariri. Taa inawaka, ndani inazunguka, ila kompyuta haiioni. Nimebadilisha waya wa USB, nimehamia kompyuta nyingine, hali ni ileile. Je, nikivunja boksi nikachomeka diski yenyewe kwenye SATA (soketi ya diski ndani ya kompyuta), nitapata kazi zangu au ndiyo nitaimaliza?

Tengeneza Tu
Iweke kwenye friza usiku mmoja, ukiitoa ichomeke haraka haraka.

Fundi Bodi
Friza sahau. Ukiitoa inashika unyevu, na vichwa vya kusomea vinapita juu ya sahani kwa nanomita chache tu. Tone dogo kiasi gani linatosha kuharibu, piga hesabu mwenyewe.

Mkanda, kwanza isikilize. Ikigonga tak, tak, tak kisha ikatulia, huenda vichwa vimekufa. Chomoa, hiyo ni kazi ya maabara yenye chumba kisicho na vumbi, na kila ukiiwasha unazidi kuikwaruza. Ikizunguka bila kugonga, mshukiwa wangu wa kwanza ni kile kibodi (bodi ndogo ya saketi, si kibodi cha kuchapia) cha ndani kinachounganisha USB na SATA. Ila kabla ya kufungua, tafuta adapta nyingine ya volti zilezile na ampea zisizopungua. Adapta iliyochoka huwasha taa vizuri tu, diski ikakosa nguvu ya kufanya kazi.

Boksi linashikwa na vibanio kwa ndani. Pitisha kadi ngumu ya plastiki kwenye mshono, si kisu. Ukishaitoa diski yenyewe, ile ya chuma, usiiguse skrubu hata moja. Na wenye diski ndogo za inchi 2.5 msiige: nyingi USB yake imechomelewa kwenye bodi ya diski, hiyo SATA hamtaikuta.

Mkanda
Haigongi. Adapta nyingine haikusaidia, nikafungua. Kwenye SATA imeonekana na ukubwa wake kamili! Lakini Windows inataka kuianzisha upya. Nikubali?

Fundi Bodi
Kataa. Ikiomba kufomati kataa, na chkdsk (programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski) usiiendeshe. Hivyo vyote vinaweza kuandika juu ya kitu unachotaka kukiokoa.

Hapo yapo mambo mawili. Baadhi ya vibodi husimba data (huigeuza isisomeke bila ufunguo) kwa siri hata kama hukuwahi kuweka nywila. My Book kadhaa za Western Digital ziko hivyo. Vingine havisimbi, ila huionyesha kompyuta sekta (vipande vya diski) za baiti 4096 badala ya 512, kwa hiyo ukikiondoa kibodi, jedwali la patisheni (orodha ya sehemu za diski) linatafutwa mahali ambapo halipo. Fungua diski kwa kihariri cha heksa (programu ya kuona baiti zenyewe), kusoma tu, utafute maneno EFI PART, alama ya jedwali hilo, karibu na mwanzo. Kwa kawaida yanakaa baiti ya 512.

Mkanda
Nimeyaona! Yako baiti ya 4096.

Fundi Bodi
Basi yako ni ile ya sekta za 4096, data haijasimbwa, umepona nusu. Sasa usianze kunakili faili mojamoja. Washa Linux, chomeka diski nyingine kubwa kuliko hiyo, uchukue nakala nzima kwa ddrescue, programu ya kunakili diski mbovu:

ddrescue -d -n /dev/sdX nakala.img nakala.map

Mahali pa sdX weka jina ambalo Linux imeipa diski mbovu, uhakikishe ndiyo yenyewe. Faili ya map, inayokumbuka kilichokwisha kunakiliwa, usiifute. Umeme ukikatika, amri ileile inaendelea ilipoishia. Sehemu ngumu zirudie baadaye kwa kuondoa -n (inayoziruka) na kuweka -r3 (rudia mara tatu). Kisha ifungue nakala, si diski, kwa losetup, inayoifanya faili ionekane kama diski:

losetup -r -P -b 4096 -f nakala.img

Patisheni zitatokea, utazipandisha (mount, yaani kuzifungua uone faili) kwa kusoma tu.

Sauti ya Pili
Samahani kudandia, Fundi. Yangu nimekuta vurugu tupu, hakuna neno linalosomeka popote. Ndiyo basi?

Fundi Bodi
Inaelekea imesimbwa. Kibodi cha zamani usikitupe. Tafuta boksi la modeli ileile lenye kibodi cha chipu ileile, uichomeke diski humo. Katika diski nyingi za aina hiyo ufunguo umehifadhiwa kwenye diski yenyewe, chipu ndiyo inayojua kuutumia. Ikifunguka, nakala kwanza, kwa ddrescue hiyohiyo.