Bwawa dogo shambani kupewa daraja la juu la hatari

Mwuliza: Habari zenu. Shambani kwangu Nakuru nina bwawa la udongo ambalo halijawahi kuvuja, lakini mhandisi amelipatia daraja la juu la hatari kwa sababu ya nyumba zilizojengwa bondeni. Je, ni sawa?

Jibu 1: Ni sawa, ndugu. Daraja hilo halipimi uimara wa tuta bali madhara yatakayotokea likibomoka, hivyo bwawa bovu lililo porini laweza kupewa daraja la chini kuliko lako. Kumbuka Solai, kaunti hiyo hiyo: bwawa la mtu binafsi lilipasuka usiku wa tarehe 9 Mei 2018 na kuua watu zaidi ya 40.

Jibu 2: Kagua pia njia ya kupitishia maji ya mafuriko, maana maji yakipita juu ya tuta la udongo hulimega upesi. Yakianza kuchuruzika chini ya tuta yakiwa na tope, udongo wa ndani unachukuliwa; wahamishe majirani na umwite mhandisi mara moja.

Mwuliza: Na mikaratusi iliyoota kwenye tuta?

Jibu 2: Usiing'oe bwawa likiwa limejaa. Mizizi ikioza huacha mianya, kwa hiyo kazi hiyo isimamiwe na mhandisi.