Niliagiza riwaya, nimeletewa mwongozo wa mtihani

Ndugu wanajamvi,

Naandika nikiwa na hasira na sioni sababu ya kuificha. Mwezi huu nimemaliza juzuu ya pili ya riwaya ya Aniceti Kitereza, ile ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, ambayo mzee yule aliimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, akaja kuifasiri mwenyewe kwa Kiswahili, nayo ikachapishwa mwaka 1980, yeye akafariki mwaka uliofuata. Nimeisoma miezi mitano, kurasa chache kila usiku, hata Myombekere anayekwenda kuwabembeleza wakwe zake wamrudishie mkewe nikamzoea kama jirani yangu hapa Ujiji. Nilipoifunga, nyumba ilipwaya.

Baada ya kukaa kijijini muda wote huo nilitaka kuingia mjini, nikachagua Vuta N'kuvute ya Shafi Adam Shafi. Maduka ya Mwanga, hapa hapa Kigoma, niliyopita yana madaftari, kalamu na vitabu vya kiada, basi. Nikampata muuzaji wa Dar es Salaam, nikamuuliza mara mbili kama anauza riwaya yenyewe wala si uchambuzi wake, akajibu ndiyo, nikamtumia shilingi 20,000 pamoja na nauli ya kifurushi.

Kifurushi nilikifungulia palepale stendi. Ndani mlikuwa na kijitabu cha fotokopi kilichobanwa kwa pini mbili, wino umefifia pembeni, na ukurasa wa kwanza umeandikwa "Fani na Maudhui". Macho yalikuwa yamekwisha kuteremka kabla sijatanabahi, na kufikia ukurasa wa tatu nilikuwa nimeambiwa Yasmini, mhusika mkuu wa riwaya, anaishia wapi. Fedha anaweza kunirudishia. Hilo hawezi kulifuta.

Nilipompigia simu alinijibu kwamba wote wanaokiulizia kitabu hicho ni wanafunzi. Mimi nina miaka 46 na sina mtihani wowote. Kwa nini mtu mzima wa Kigoma akitaka riwaya adhaniwe anatafuta majibu?

Namtaka muuzaji huyo, ambaye najua humu huwa anapita, anirudishie fedha yangu yote pamoja na nauli. Na kama yupo mwenye nakala kamili ya riwaya nyingine ndefu ya Kiswahili, hata iliyochakaa jalada, naomba aniazime. Nitaifuata mwenyewe hata ikiwa Kasulu, ila tafadhali asinisimulie mwisho wake.