Mjadala: Spesa za tairi zipigwe marufuku kwenye magari ya abiria?

Msemakweli_AR:
Wakuu, naomba tuijadili hii bila ushabiki. Noah na Probox za abiria zinafungwa spesa, yaani pete nene za chuma au aluminiamu kati ya habu na rimu, za milimita 20 hadi 30 ili tairi zitokeze. Mimi nasema zipigwe marufuku kabisa kwenye gari lolote linalobeba watu kwa nauli, na ukaguzi wa stika ya Nenda kwa Usalama uhusishe kufungua tairi.

Sababu yangu ni hii. Gari bila spesa lina mkazo mmoja tu, rimu juu ya habu (kitovu kinachobeba tairi). Ukifunga spesa ya bolti, inayokazwa kwenye habu kisha rimu ikakazwa juu yake, unapata mikazo miwili, na nati za ndani zimefunikwa na rimu. Dereva akipita asubuhi na spana ya tairi anagusa za nje tu. Za ndani zikilegea, atajua tairi ikianza kuyumba, na hapo stadi (bolti za habu zinazoshika nati) zimeshachoka. Halafu wanaozifunga ni mafundi wa gereji bubu wanaokaza kwa kupanda juu ya spana.

Fundi_Kerezo:
Umeanza vizuri ukamalizia kwa matusi. Hao wa "gereji bubu" ndio wanaotembeza nusu ya magari ya nchi hii. Mguu juu ya spana umetumika miaka yote na tairi hazidondoki.

Nati_Nane:
Mkuu Kerezo, tupige hesabu badala ya kununa. Fundi wa kilo 70 akisimama kwenye spana yenye mkono wa sentimita 40 anatoa takriban nyutonimita 275. Toyota nyingi ndogo zenye stadi ya milimita 12 zinataka 103. Umepita mara mbili na nusu. Stadi ikivutwa hivyo inarefuka na hairudi, kisha inakatika siku yoyote bila kuaga. Tairi isipodondoka leo haina maana kwamba kazi ilikuwa salama.

Fundi_Kerezo:
Hesabu za karatasi. Nani anasimama na uzito wote? Anasukuma kwa kisigino. Na hiyo spana yako ya toki, ya kupima nguvu ya kukaza, nani ameipima tangu itoke dukani?

Nati_Nane:
Ya bei nafuu ikikosea kwa asilimia 10 bado ni bora kuliko kisigino.

Dada_Prado:
Jamani, hoja ilikuwa marufuku. Nchi nyingine zimeshaamua. Australia, mwongozo wao wa kurekebisha magari mepesi, ule VSB 14, hauruhusu spesa kati ya habu na rimu isipokuwa zilizotoka na gari kiwandani. Ujerumani wameenda njia tofauti: spesa ije na cheti cha aina ya gari, ikaguliwe baada ya kufungwa, ndipo uendeshe. Mimi niko na Wajerumani. Ukipiga marufuku, watu watafunga za kificho, nazo zitakuwa mbovu zaidi.

Msemakweli_AR:
Dada, huku hakuna wa kukagua hicho cheti. Ndiyo maana nasema marufuku.

Mzee_wa_V8:
Hao Waaustralia wenyewe wanahangaika na Land Cruiser 70 ya V8. Tangu 2007 ekseli yake ya nyuma ni nyembamba kuliko ya mbele kwa karibu milimita 95. Kwenye mchanga tairi za nyuma hazifuati njia ya mbele, zinachimba yake. Sasa mwenye gari hiyo afanyeje? Spesa haikuletwa na vijana wa Noah peke yao. Na lile la "spesa inaua beringi" linalosemwa kila kona, acheni. Beringi haijui kama tairi imetoka nje kwa spesa ya milimita 25 au kwa rimu yenye ofseti (umbali wa uso wa kufungia kutoka katikati ya rimu) ndogo kwa milimita 25. Mzigo ni uleule.

Msemakweli_AR:
Beringi sikuitaja, mzee wangu. Nimetaja nati za ndani, na hakuna aliyenijibu.

Kisauni_Boy:
Za ndani zinakaa salama ukizipaka grisi kidogo kwenye nyuzi. Huku Mombasa bila grisi nati inaganda kwa chumvi, siku ya pancha unakata stadi.

Nati_Nane:
YAKHE, HAPANA. Usipake grisi kwenye nyuzi za stadi. Ile 103 ni kipimo cha nyuzi kavu. Sehemu kubwa ya nguvu unayokazia inaliwa na msuguano wa nyuzi na wa kikalio cha nati. Ukipaka grisi msuguano unashuka, na kwa 103 ileile stadi inavutwa zaidi ya ilivyokusudiwa. Unadhani umekaza sawa kumbe umepitiliza.

Kisauni_Boy:
Wewe waongea na spana ya toki kwenye gereji kavu. Njoo uone habu ya gari iliyokaa miaka mitatu karibu na bahari.

Fundi_Kerezo:
Hapo namuunga mkono Kisauni. Hawa wa vitabuni hawajui kutu.

Dada_Prado:
Mnagombania sehemu mbili tofauti. Kisauni, kinachoganda pwani zaidi ya yote ni spesa ya aluminiamu kwenye chuma cha habu. Metali mbili tofauti na maji ya chumvi katikati, lazima zilane. Grisi iende hapo tu, ukungu mwembamba kwenye kola, ule mdomo wa duara katikati ya habu. Uso unaobana ubaki mkavu, nyuzi zibaki kavu. Nati ikiwa na kutu, ibadilishe, bei yake ni ndogo kuliko ya stadi.

Kisauni_Boy:
Kwenye kola nakubali. Kwenye nyuzi nitaendelea na mafuta tone moja.

Nati_Nane:
Basi punguza kipimo, usikaze 103.

Kisauni_Boy:
Hadi ngapi?

Nati_Nane:
Ndiyo maana nakwambia zibaki kavu. Kipimo kilichoandikwa ni cha kavu, cha mafuta hutaandikiwa na mtu.

Mzee_wa_V8:
Ukurasa mzima wa grisi! Wanaosoma kimyakimya wanataka kujua namna ya kuchagua. Kwanza aina. Spesa ya kupachika, isiyo na bolti zake, usivuke milimita 5 kwa stadi za kiwandani. Hesabu mizunguko ya nati: stadi ya 12 kwa 1.5 (unene milimita 12, hatua ya nyuzi milimita 1.5) inataka mizunguko 8 kamili, ya 12 kwa 1.25 karibu 10. Ikipungua, badili stadi ndefu au acha. Pili, tundu la katikati. Toyota nyingi za PCD 5x114.3 (stadi 5 kwenye duara la milimita 114.3) ni milimita 60.1, Subaru 56.1, Nissan 66.1, Prado 106.1. Spesa ikiwa na tundu kubwa kuliko habu inaning'inia kwenye stadi, na usukani utatetemeka hata ufanye balansi mara tano. Na iwe na kola yake kwa nje ya kushika rimu.

Nati_Nane:
Naongezea kwenye nyuzi. Toyota na Honda ni 1.5, Nissan na Subaru ni 1.25. Nati ya Toyota kwenye Subaru inaingia kidogo kisha inagoma, fundi mwenye mashine ya upepo anailazimisha na nyuzi zinaliwa. Anza kila nati kwa vidole. Na rimu nyingi za aluminiamu za Toyota zenyewe zinatumia nati yenye washa bapa, wakati spesa nyingi zinakuja na nati za koni. Koni kwenye tundu la bapa inagusa ukingo tu. Itakaa wiki mbili.

Fundi_Kerezo:
Mmesahau stadi za zamani kutokeza. Spesa ya bolti ya milimita 20, stadi za habu zinapita uso wake na kusukuma rimu kwa nyuma. Laza rula ya chuma juu ya uso wa spesa baada ya kukaza za ndani. Ikicheza, rimu haitakaa, hata ukikaza vipi. Rimu zenye mashimo kwa nyuma zinapokea, zisizo nayo nenda 25 au zaidi. Na msiniletee spesa za kumimina kwa vyuma chakavu, zina vitundu ndani, zinapasuka. Nachonga kwenye bamba la aluminiamu ya 6061 lenye mhuri tu.

Msemakweli_AR:
Mzee Kerezo, hilo la rula sikulijua, ahsante. Sasa nijibu kwa heshima: nati za ndani nani anazirudia?

Fundi_Kerezo:
Mwenye gari arudi baada ya kilomita 50 hadi 100. Tairi itoke, za ndani zikazwe upya, kisha za nje. Rangi na kutu katikati ya nyuso mbili vinakandamizwa na mkazo unapungua, kwa hiyo habu isuguliwe kwa brashi ya waya kabla.

Msemakweli_AR:
Na wa Noah ya abiria anayelala saa nne kwa siku, atarudi?

Fundi_Kerezo:
Huyo hapana. Wa abiria asifungiwe.

Dada_Prado:
Hata spesa za kupachika?

Fundi_Kerezo:
Hizo hazina nati za ndani. Tusichanganye.

Mgeni_Dom:
Samahani kuingilia. Rimu za kiwandani ni 7J ET45 (upana inchi 7, ofseti milimita 45). Zilizopo sokoni ni 8J ET38, na kwa nyuma tairi inagusa shokapu. Spesa ya ngapi?

Nati_Nane:
Rimu imepanuka inchi moja, nusu yake ni 12.7 kila upande. Ofseti imeisogeza nje kwa 7. Kwa ndani umeingia milimita 5.7, kwa nje umetoka 19.7. Spesa ya 6 ingekurudisha, ila imevuka ile 5 ya mzee hapo juu. Tafuta 8J yenye ET32 na hutahitaji spesa. Tairi ikiwa pana kuliko ya mwanzo, ongeza nusu ya tofauti kila upande. Na upime nafasi ya shokapu gari likiwa limesimama chini na mzigo wake. Kwenye jeki nyuma inaning'inia, utadanganyika.